Siagi, Majarini na Mafuta ya Kupaka Mbele ya Forodha

Mtu akiingia katika duka la Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, akaomba siagi, yamkini atapewa kopo la majarini, naye atalipa na kwenda zake bila kulalamika. Kopo la Blue Band limekaa mezani kwa watu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi hata jina lake limekuwa siagi kwa wengi. Siagi ya karanga nayo huitwa siagi, ijapokuwa haikupata kumwona ng'ombe. Nyumbani hilo halina madhara. Mpakani mambo ni mengine, kwa sababu huko jina ndilo linaloamua serikali itapata kiasi gani, na askari aliyepangwa kwenye kizuizi cha barabara hukabidhiwa karatasi yenye jina hilo.

Biashara ya nchi za nje huendeshwa kwa namba. Mkataba wa Mfumo wa Pamoja wa Kuainisha Bidhaa ulitiwa saini Brussels mwaka 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo tarakimu sita za mwanzo za namba ya bidhaa zina maana moja katika sehemu kubwa ya dunia. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza mbili, zikawa nane. Siagi, samli na mafuta mengine yatokanayo na maziwa yamo chini ya namba 04.05. Ndani yake siagi ni 0405.10, mafuta ya maziwa ya kupaka ni 0405.20, na samli ya ng'ombe huangukia 0405.90. Majarini haimo kabisa katika sura hiyo. Yenyewe ni 15.17, pamoja na mafuta ya mimea na ya wanyama yaliyochanganywa. Siagi ya karanga iko mbali zaidi, katika sura ya 20, kwa sababu forodha huihesabu kuwa karanga iliyotengenezwa.

Mipaka kati ya majirani hao imewekwa kwa asilimia. Siagi ni lazima iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 wala kuzidi 95, na maji yasiyozidi asilimia 16. Mafuta ya maziwa ya kupaka ni yale yanayopakika kwa kisu, yenye mafuta ya maziwa kuanzia asilimia 39 lakini chini ya 80, na hapa liko neno zito: mafuta ya maziwa yawe ndiyo mafuta pekee yaliyomo. Chumvi na vikolezo havibadilishi kitu. Lakini kiwanda kikitia mafuta ya mawese, bidhaa hiyo imekwisha kutoka katika sura ya maziwa, hata kama kifuniko kimechorwa ng'ombe mnono akila majani. Picha ya ng'ombe si ushahidi.

Jambo moja huwashangaza wengi. Sheria ya ushuru inasema waziwazi kwamba siagi iliyochacha bado ni siagi, ilipiwe ushuru wa siagi. Kama inafaa kuliwa ni swali jingine, nalo hujibiwa na wakaguzi wa afya na wa viwango. Ofisa wa forodha aiitapo siagi hajasema ni chakula. Chakula kilichoharibika mahali pake ni jalala, na watu wa Buterere, ambao jalala kuu la jiji limewekwa katika eneo lao, hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya mwisho wa vitu vilivyokataliwa.

Wanajeshi wana sehemu yao katika historia hii. Majarini ilizaliwa Ufaransa kwa sababu ya askari. Napoleon III alitaka mafuta ya bei nafuu, yasiyoharibika upesi, kwa ajili ya majeshi yake na watu maskini, na mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akapata hataza ya kitu alichokitengeneza kwa mafuta ya ng'ombe na maziwa. Tangu hapo wafugaji na wenye viwanda wamegombania jina na ushuru. Huko Canada, katika miaka ya 1990, waagizaji walileta mchanganyiko wa mafuta ya siagi asilimia 49 na sukari asilimia 51. Wafugaji walidai kuwa hiyo ni hila ya kukwepa ushuru mkubwa wa maziwa. Mwaka 1999 baraza la biashara la nchi hiyo liliamua kwamba kwa mujibu wa maandishi ya sheria bidhaa hiyo haikuwa ya sura ya maziwa. Waagizaji walikuwa wamesoma sheria vizuri kuliko walioiandika.

Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, ikaanza kutumia Ushuru wa Pamoja wa Nje mwezi Julai 2009. Ushuru huo ulikuwa na viwango vitatu vikuu, yaani sifuri, asilimia 10 na asilimia 25, na bidhaa chache nyeti zilitozwa zaidi. Tarehe 1 Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha asilimia 35, na mazao ya maziwa yakatajwa miongoni mwa bidhaa zinazolindwa nacho. Tuseme shehena ina thamani ya dola 20,000. Ikiandikiwa namba ya asilimia 25 badala ya ile ya asilimia 35, hazina imepoteza dola 2,000 bila gunia hata moja kupita porini usiku. Hayo nayo ni magendo, ila yamevaa suti. Hata hivyo nchi moja moja huruhusiwa kutotumia kiwango fulani kwa muda, na ruhusa hizo hutangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya. Kwa hiyo asiyesoma gazeti la mwaka husika asiseme anajua kiwango.

Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya kwa maziwa ya Jumuiya haitozwi ushuru huo, iwapo ina cheti cha asili ya bidhaa. Mfanyabiashara wa Burundi anayepeleka samli au siagi nchi jirani hutegemea cheti hicho hicho. Namba iliyo kwenye cheti isipolingana na kilichomo katoni, cheti hakimsaidii, na mali inayooza haingoji mabishano.

Je, askari afanye nini? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha aliye kazini madaraka ya polisi. Haimpi polisi kazi ya kuainisha bidhaa. Tena, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2014, hati za shehena iendayo Bujumbura hushughulikiwa kabla haijaondoka bandarini Dar es Salaam, basi lori lifikapo kizuizini namba imekwisha kuandikwa. Lililobaki ni kulinganisha. Hati inasema mafuta ya maziwa ya kupaka: je, orodha ya viungo iliyo ubavuni mwa kopo inataja mawese au alizeti? Asilimia ya mafuta ni ngapi? Idadi ya katoni ni ile ile? Maandishi yakipingana, Ofisi ya Mapato ya Burundi iitwe, na sampuli ipelekwe maabara. Huko wakemia hutafuta asidi ya butiriki, ambayo mafuta ya maziwa huwa nayo na mafuta ya mimea ya kawaida hayana; ndiyo inayoipa siagi iliyochacha harufu yake.

Kushikilia lori zima juani kwa sababu tu dereva ameita majarini siagi ni dhuluma, na mara nyingine ni mlango wa rushwa. Dereva amesema kama wasemavyo watu wa Buterere. Aliyetia saini hati ni mwagizaji au wakala wake, na ni yeye ambaye sheria humwajibisha kwa tamko la uongo.