Uso wa Dereva Ndani ya Duara

Abiria akitoka jengo la wanaowasili, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, akaita teksi kwa simu, dereva humjia kwanza kama duara. Ndani ya duara hilo dogo mna uso, na chini yake jina, aina ya gari na namba ya usajili. Kwa mgeni aliyeshuka na ndege ya usiku, asiyejua mtaa wa Magongo uko upande gani wala barabara ya kwenda kisiwani inapita wapi, uso huo ndio wa kumhakikishia kwamba anayemfungulia buti ni yule yule aliyemwita. Kwa dereva, uso huo ni riziki: usipotambulika, abiria husita, na wakati mwingine hughairi safari.

Picha haikutoka kwenye kamera ikiwa duara. Ilikuwa mstatili, pengine imepigwa ndani ya gari, dereva amelipa mgongo dirisha linalowaka jua la pwani. Ili ikae vizuri kwenye simu ya abiria, lazima ipunguzwe, ikatwe, ing'arishwe. Kwenye simu za Android, kazi hiyo hufanywa na maktaba za kupakia picha: Picasso, iliyotolewa na kampuni ya Square mwaka 2013, Glide, iliyoanzia kwenye kampuni ya Bump ambayo Google iliinunua mwaka huo huo, na Coil, iliyotoka mwaka 2019. Maktaba hizi huileta picha kutoka mtandaoni, huifungua, huiweka akiba na kuionyesha. Zina mikato yake ya kawaida, lakini zote humwachia mwandishi wa programu nafasi ya kuingiza ugeuzaji wake mwenyewe, yaani kipande kifupi cha msimbo kinachopokea picha moja na kurudisha nyingine. Nafasi hiyo ni ndogo, ila ndimo inamoamuliwa uso wa nani utaonekana sawasawa. Anayeandika programu kwa ajili ya watu wa kwetu hapaswi kuipita.

Hesabu ya kwanza ni ya kumbukumbu ya simu. Faili ya picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 inaweza kuonekana ndogo, lakini ikifunguliwa kila pikseli huchukua baiti 4: nyekundu, kijani, buluu na kiwango cha uwazi. Pikseli milioni 12 mara 4 ni megabaiti 48. Duara la pikseli 200 kwa 200 linataka baiti 160,000 tu, sehemu moja ya mia tatu. Kwenye simu ya bei nafuu, picha chache za ukubwa ule zikifunguliwa pamoja zinatosha kuiangusha programu. Ndiyo maana picha hupunguzwa kwanza, ugeuzaji ukafuata.

Halafu kuna kukata. Mkato wa kawaida huchukua mraba wa katikati: picha ya wima yenye upana wa pikseli 3,000 na urefu wa 4,000 hupoteza 500 juu na 500 chini. Duara nalo hula pembe, karibu asilimia 21 na nusu ya mraba. Lakini mtu akijipiga picha, uso wake mara nyingi hukaa sehemu ya juu, mabega na usukani vikajaa chini. Kwa hiyo kinachoondoka ni paji la uso, na hapa Mombasa huondoka pamoja na kofia au sehemu ya juu ya hijabu, vitu ambavyo abiria angemtambulia dereva kwa mbali. Dawa yake ni mstari mmoja wa msimbo: zile pikseli 1,000 za ziada zisigawanywe nusu kwa nusu, ziondoke 200 juu na 800 chini. Duara lenyewe mara nyingi hukatwa kwa kanuni za kuunganisha picha zilizochapishwa mwaka 1984 na Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa Lucasfilm wakitengeneza picha za sinema. Majina yao bado yamo ndani ya Android, na mwandishi wa programu huyaita anapokata duara kwa njia hiyo.

Kazi ngumu iko kwenye mwanga. Chukua pikseli moja ya shavu la mtu mweusi aliyelipa mgongo dirisha: nyekundu 52, kijani 34, buluu 26, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Shavu liko gizani. Njia ya haraka ya kuling'arisha ni kuongeza namba ile ile kote, tuseme 60. Tunapata 112, 94 na 86. Mwanga umeongezeka, lakini tazama uwiano: mwanzo nyekundu ilikuwa mara mbili ya buluu, sasa imeizidi kidogo tu. Joto la rangi limetoweka, na ngozi imegeuka kijivu, kama iliyopakwa majivu. Dereva haonekani tena mwenye afya, wala hafanani na mtu aliyesimama kando ya gari.

Ukizidisha kwa 2 badala ya kujumlisha, unapata 104, 68 na 52. Uwiano umebaki na ngozi ni ile ile, ila sasa inaonekana. Android huwakilisha mabadiliko haya kwa jedwali la namba 20, safu nne zenye namba tano tano: za kuzidisha hukaa kwenye mshazari, za kujumlisha hukaa mwishoni mwa kila safu. Tofauti ya uso hai na uso wa majivu ni mahali ulipoiweka namba.

Hata kuzidisha kuna gharama. Anga ya dirishani yenye 220 ikizidishwa kwa 2 hupita 255 na kugeuka weupe mtupu unaomeza ukingo wa kichwa. Afadhali kupima kwanza mwangaza wa pikseli: asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Shavu letu linapata takriban 38. Gawanya kwa 255, pandisha jibu kwa kipeo cha 0.6, kisha lirudishe kwenye kipimo: 38 inakuwa kama 82, zaidi ya maradufu, ilhali 220 inafika 233 tu. Rangi zote tatu za pikseli zikizidishwa kwa uwiano mmoja, ule wa mwangaza mpya kwa mwangaza wa zamani, uso unatoka gizani na anga inabaki anga.

Haya si urembo. Kwa miaka mingi, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizobeba sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikalipia. Mwaka 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kutambua jinsia kwa nyuso 1,270 za wabunge, zikiwemo za Rwanda. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Hatua ndogo kama yetu, inayofanyika kimya ndani ya simu, inaweza kurudia dhuluma ile ile bila yeyote kuikusudia.

Hata kubana kumbukumbu kuna upendeleo wake. Pikseli inaweza kuhifadhiwa kwa baiti 2 badala ya 4, na Glide ya zamani ilifanya hivyo kama kawaida yake hadi toleo la 4. Nyekundu hubakiwa na ngazi 32 tu. Ngozi ambayo nyekundu yake inapanda kutoka 20 hadi 60 hupata ngazi kama tano, na shavu laini likawa michirizi. Kwa nyuso, lipa baiti 4.

Mwisho ni ufunguo wa akiba. Maktaba haigeuzi picha upya kila mara; huhifadhi matokeo na kuyatafuta kwa ufunguo ambao msimbo wako unachangia kuutunga. Ukiandika humo neno "duara" peke yake, siku utakapobadilisha kipeo kutoka 0.6 hadi 0.7 simu zinaweza kuendelea kuonyesha nyuso za jana. Ingiza kila namba inayoathiri matokeo: kipeo, pikseli za juu, upana. Na kwa kuwa dereva aliyenyoa ndevu huweka picha mpya, pengine kwenye anwani ile ile ya mtandao, ufunguo ubebe pia tarehe ya picha. La sivyo abiria wa pale uwanjani atamtafuta mwenye ndevu.