Kibali Kilichoanguka Chini ya Kiti

Mwaka wa 2009, katika mji mmoja wa nchi hii, niliegesha gari kando ya barabara nikamlipa karani wa maegesho ada ya siku nzima. Alinikabidhi kikaratasi chenye tarehe na nambari ya gari. Nilikiweka juu ya dashibodi, nikaufunga mlango, nikaenda zangu kuwatafutia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kamusi sita. Duka la kwanza lilikuwa na nne. Niliporejea garini ili niziweke kabla ya kwenda duka la pili, gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha kutiwa pingu ya chuma, na maaskari wawili wamesimama kando yake. Kikaratasi changu kilikuwa chini ya kiti. Upepo wa mlango nilioubamiza mwenyewe ndio uliokipeperusha.

Niliwaonyesha. Mmoja wao alikisoma, akakiri kwamba nimelipa, kisha akanieleza kwa upole kuwa kulipa ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. Fedha za kamusi mbili zilizosalia ndizo zilizolifungua gurudumu lile.

Ndugu msomaji, yamkini utauliza ni kwa nini nakisumbukia kikaratasi cha siku moja baada ya miaka yote hii. Nakisumbukia kwa sababu walimu na wanafunzi wengi wa vyuo wangali wanaadhibiwa kwa kosa kama hilo. Ni kweli kwamba jijini Nairobi ada ya maegesho ilianza kulipwa kwa njia ya elektroniki mwaka wa 2014, na kikaratasi cha barabarani kikapoteza kazi yake. Hata hivyo, vyuo, hospitali, afisi na mitaa yenye malango vingali vinatoa vibali vya kuwekwa penye kioo cha mbele. Askari wa lango hana kompyuta mkononi. Ana macho tu, na asichokiona hukihesabu kuwa hakipo.

Dawa yake ni kitu kidogo mno: kibanio cha plastiki kinachogandishwa kwenye kioo kwa ndani. Upande mmoja kina gundi. Upande wa pili kina ulimi unaokaza kama kibanio cha nguo. Kibali huchomekwa hapo kikaangalia nje, na muda wake unapokwisha huchomolewa, kingine kikatiwa. Hapana haja ya kukwangua kioo kwa wembe, kazi ambayo kila aliyewahi kubandua stika iliyokauka kwa jua anaijua. Fauka ya hayo, walimu wawili wanaotumia gari moja wanaweza kubadilishana vibali vyao bila kuvirarua.

Kukigandisha nako kuna adabu yake. Kioo kisafishwe kwanza kwa spiriti, kikauke, ndipo kibanio kibandikwe na kukandamizwa kwa nguvu. Mahali pake ni pembe ya chini, upande wa abiria, kisije kikamziba dereva macho. Vile vya mpira vinavyojishika kwa kufyonza kioo mimi sivipendi, kwa kuwa huachilia mara kwa mara na kumwangusha abiria wao. Tena kuna stakabadhi za mashine ambazo maandishi yake hutokezwa kwa joto, wala si kwa wino. Ukizianika juani mchana kutwa zinaweza kuharibika zisisomeke, na hapo hata kibanio hakitakufaa. (Mwalimu wa sayansi asiye na kifaa cha kuonyeshea athari ya joto anaweza kuanzia hapo.)

Desturi hii ya kukifanya kioo cha gari kuwa ubao wa matangazo si ngeni duniani. Uingereza iliwataka wenye magari wabandike duara la karatasi la kodi ya barabara kuanzia mwaka wa 1921, na vishikizo vya duara hilo vikawa kifaa cha kawaida garini. Lilidumu hadi tarehe 1 Oktoba 2014, lilipofutwa kwa kuwa kumbukumbu za kompyuta na kamera zinazosoma nambari za magari zilikuwa zimechukua kazi yake. Huko California, kibali cha maegesho cha watu wenye ulemavu huning'inizwa kwenye kioo cha kutazamia nyuma, lakini mwenyewe hutakiwa kukiondoa kabla ya kuling'oa gari, maana huziba njia.

Waingereza walilifuta duara lao baada ya kupata njia nyingine ya kumjua aliyelipa. Je, sisi tunaomwamini askari mwenye macho tu tumemsaidiaje? Chuo kinamtoza mhadhiri ada ya kibali cha mwaka mzima, kisha kinampa kipande cha karatasi ngumu bila chochote cha kukishikia. Kikianguka, kosa ni la mhadhiri. Naona si haki. Anayetoa kibali na atoe pamoja nacho kibanio, ambacho bei yake ni ndogo kuliko karaha ya siku moja langoni. Na pale kibali kisipoonekana, daftari la waliolipa lifunguliwe kabla ya pingu kuletwa. Adhabu ya asiyelipa haistahili kumwangukia aliyelipa ambaye mlango wake ulivuma kidogo. Wapo watakaosema kwamba daftari litawachelewesha maaskari. Mimi nilicheleweshwa saa tatu.

Kibanio changu nilikinunua jioni ileile, kabla sijaondoka mjini. Zile kamusi mbili zilingoja hadi muhula uliofuata, na kwa muda huo wote wanafunzi wa dawati la nyuma waliazima za wenzao.