Kabla ya Kutembea Ufuo wa Watamu, Angalia Mwezi

Mwaka jana nilimtembeza mpwa wangu, mkaazi wa Nairobi, ufuoni Watamu. Asubuhi maji yalikuwa yametoka, tukavuka kwa miguu mpaka kwenye vile visiwa vya mawe. Tukakaa, tukazungumza. Wakati wa kurudi maji yalitufika kifuani, naye hajui kuogelea.

Kosa lilikuwa langu. Mwezi ulikuwa mpevu, na siku hizo, kama zile za mwezi mwandamo, huwa bamvua. Huku kwetu bahari hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na ikifika saa kumi alasiri imejaa, tofauti ikiweza kupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele karibu dakika 50. Baada ya juma moja hivi huja maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana.

Kwa hivyo ondoka maji yangali yanatoka, ugeuke kabla hayajaanza kurudi, hasa ukiwa chini ya majabali. Makombe yaache yalipo. Bahari hii ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Saa yenyewe waulize wavuvi.