Kumbukumbu Isiyoandikwa Kwenye DNA

Tumezoea kuambiwa kwamba kila anachorithi kiumbe kimeandikwa kwenye DNA yake. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini kauli hiyo ina pengo, nalo liko mahali nyeti mno: pale kromosomu inaposhikwa seli inapogawanyika. Nzi wa matunda, yule mdudu mdogo anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi, ana jozi nne tu za kromosomu. Kabla seli yake haijagawanyika, kila kromosomu hunakiliwa, kisha nyuzi za protini huvuta nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Nyuzi hizo hazishiki ovyo. Hushika sehemu moja iitwayo sentromia. Kromosomu isiyo na sentromia hupotea, na yenye sentromia mbili huweza kuvutwa pande zote mbili hadi ikatike. Mwaka 1916 Calvin Bridges wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alionyesha kwamba nzi fulani waliozaliwa na rangi ya macho isiyotarajiwa walitokana na mayai ambayo kromosomu zake za X zilishindwa kuachana. Kwa binadamu, kosa kama hilo kwenye kromosomu ya 21 ndilo chanzo kikuu cha sindromu ya Down.

Je, seli huijuaje sehemu ya kushika? Jibu la haraka ni kwamba kuna maandishi maalumu kwenye DNA yanayoitambulisha. Ushahidi kutoka kwa nzi unatupeleka kwingine: sentromia hutambulishwa na protini iliyokaa juu ya DNA, na alama hiyo hurithiwa. DNA yote imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Kwenye sentromia, histoni ya kawaida huipisha nyingine, ambayo kwa nzi huitwa CID na kwa binadamu CENP-A. Mwaka 2011 kundi la Patrick Heun, mjini Freiburg, Ujerumani, liliilazimisha CID kukaa kwenye DNA isiyo ya sentromia ndani ya seli za nzi zinazokuzwa maabara. Nyuzi zilikuja zikashika hapo. Hata protini ya kwanza iliyopandikizwa ilipoondolewa, sentromia hiyo mpya iliendelea kurithiwa na seli kizazi baada ya kizazi, ingawa herufi za DNA hazikuwa zimebadilika.

Mambo hayo huwezekana kwa sababu CID huvuta CID nyingine. Juu yake hukaa protini ya CENP-C. Hiyo humwita mbebaji, CAL1, naye huleta CID mpya palepale penye ya zamani. DNA inaponakiliwa, CID iliyopo hugawanywa kati ya nakala mbili, na pengo hujazwa baadaye. Ni kama njia ya miguu porini: haikuchorwa na yeyote, ipo kwa kuwa watu huipita, na wasipoipita majani huifunika. Kwamba utaratibu huu unamgusa mdudu mzima, si seli za maabara tu, kulithibitishwa mwaka 2012: CID ilipoondolewa kwenye mbegu za kiume za nzi, kromosomu za baba zilipotea kwenye kiinitete, ingawa DNA yake ilifika salama na yai la mama lilikuwa na CID yake.

Mpinzani atataja hamira. Kwa hamira ya mikate, kipande cha DNA cha herufi zipatazo 125 hutosha kuwa sentromia. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaonyesha njia moja iliyowezekana, wala haithibitishi kwamba wanyama wanaifuata. Pingamizi zito zaidi lilitokana na ramani ya sentromia za nzi iliyochapishwa mwaka 2019. Kila sentromia ilikuwa na mchanganyiko wake wa DNA, lakini kipande kimoja kinachojinakili, G2/Jockey-3, kilionekana kwenye zote. Huenda basi DNA hiyo huisaidia CID kutulia. Lakini kusaidia si kuamua, kwa sababu nakala za kipande hichohicho zipo pia nje ya sentromia, na huko nyuzi hazishiki. Binadamu nao wametoa ushahidi wa pande zote mbili: wapo watu ambao kromosomu yao ina sentromia mahali pasipo na DNA ya kawaida ya sentromia, na zipo kromosomu zenye DNA hiyo lakini sentromia yake imezimika.

Mwingine atauliza: kama alama hii hujizalisha yenyewe, mbona haienei kila mahali? Ingeenea, kama isingedhibitiwa. Seli za nzi zilipolazimishwa kutengeneza CID kupita kiasi, sentromia za ziada zilijitokeza mikononi mwa kromosomu na mgawanyo ukavurugika. Hali ya kawaida hulindwa na uhaba wa CID, uchaguzi wa CAL1 na uondoaji wa CID ya ziada. Uvimbe kadhaa wa saratani za binadamu huwa na CENP-A nyingi kuliko kawaida, hivyo udhibiti huo unastahili kuchunguzwa kwa makini. Kwa hiyo tunapofundisha urithi, tusiishie kwenye herufi za DNA. DNA haiwezi kumfikia mrithi pasipo mahali pa kuishika, na kwa nzi kama kwa binadamu, mahali hapo hulindwa na protini zinazorithishwa pamoja nayo.