Adui Aliyelala Mwilini

Mmepata kumwona mgonjwa wa ukimwi akihara majuma mengi, akikonda, hata akitoa damu chooni. Jamaa zake husema: amekula sumu, au amelogwa. Kumbe pengine adui alikuwamo mwilini tangu utoto wake.

Kuna virusi viitwavyo sitomegalo. Watu wengi sana tunavyo, navyo hulala bila kutudhuru, kwa kuwa chembe nyeupe za damu huvizuia kama askari wa gereza. Virusi vya ukimwi huziua chembe hizo, hasa zile ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 au zaidi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 50, gereza halina tena askari. Ndipo vidonda hutokea katika njia ya chakula, hata kumeza mate ni uchungu, na katika utumbo mpana.

Si kila kuhara ni kwa sababu hiyo. Daktari ndiye apimaye. Dawa yake ni gansikloviri, lakini mgonjwa asipomeza dawa za ukimwi, ugonjwa hurudi. Basi msimwachishe vidonge vyake kwa kuwa anahara. Mpelekeni hospitali upesi, na macho yake yapimwe pia, maana virusi hivyo hupofusha.