Ukirefusha chuma cha kuvutia trela, nguvu zake zinapungua

Huko Marekani na Kanada ni kawaida kuona pikapu imebeba kempa mgongoni, yaani kijumba chenye kitanda, jiko na hata choo, na nyuma yake inavuta trela la boti au la mizigo. Ndugu zetu waishio huko wanaotaka kusafiri hivyo na familia zao wajue jambo moja kabla ya kutoa pesa: kila inchi unayorefusha chuma cha kuvutia inapunguza uzito unaoweza kuuvuta kwa usalama.

Haja ya kurefusha hutokea kwa sababu kempa nyingi ni ndefu kuliko kitanda cha pikapu. Kempa ikipita bampa kwa futi mbili au tatu, ndoano hubaki chini ya sakafu yake na trela halifikiki. Dawa ni chuma cha kurefushia, ambacho huchomekwa kwenye tundu la mraba lililo nyuma ya gari.

Tatizo ni wenzo. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha inyooshe mkono. Maji ni yale yale, lakini bega litalalamika. Ndivyo tundu lile linavyoumia shingo ya trela ikisukumwa mbali nalo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huagiza upunguze kiwango, aghalabu hadi nusu.

Tuchukue mfano. Chuma cha gari kimeandikwa paundi 10,000 za kuvuta na paundi 1,000 za kukandamiza ndoano. Ukikirefusha na kiwango kikashuka nusu, umebaki na 5,000 na 500. Trela la mizigo la paundi 6,000 kwa kawaida hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani paundi 600 hadi 900. Umeshapita mpaka, hata kama injini inavuta bila taabu.

Wenzo huo pia huinua mbele ya gari na kuelemea ekseli ya nyuma, ambayo tayari imebeba kempa. Tairi za mbele zikikosa uzito, usukani huwa mwepesi na breki hupungua nguvu. Kwa hiyo pima gari kwenye mizani likiwa limejaa maji, gesi, watu na trela.

Unapochagua, pima kutoka tundu hadi mwisho wa kempa, pamoja na ngazi na mlango wake, uache nafasi ya trela kukata kona. Kisha nunua chuma kifupi kabisa kinachotosha. Soma kiwango kilichoandikwa kwa urefu huo hasa. Kwa urefu mkubwa na mzigo mzito, kuna mifumo yenye matundu mawili, moja juu ya jingine, na chuma chake huchomekwa kotekote ili kugawana mzigo. Minyororo ya usalama na waya za taa nazo zirefushwe kwa vifaa vya kiwango kile kile.

Kamba hukatikia pembamba. Gari, tundu, chuma cha kurefushia, ndoano na trela kila kimoja kina kiwango chake, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala safari.

Hapa kwetu Pwani kempa ni nadra, lakini wapo wanaovuta boti kwa pikapu. Fundi akitaka kukuungia bomba ili ndoano ifike mbali, muulize litabeba kilo ngapi kwa urefu huo. Asipokuwa na jibu, usikubali. Chuma kikikatika barabarani, anayeumia anaweza kuwa aliye nyuma yako, naye hakuulizwa.