Makasha ya Samaki na Vijana wa Bahari ya Kaskazini

Treni ilipofika Grimsby mwaka 1848, samaki aliyeshushwa bandarini jioni aliweza kuliwa kesho yake katika miji ya viwanda ya Uingereza. Zamani gari la farasi lilimfikisha bara akiwa ameshaoza. Sasa bei ilishuka hata mfanyakazi wa kiwandani akaimudu. Habari hii husimuliwa sana kama ushindi wa reli, na ni kweli. Lakini naona ni dhuluma kuisimulia bila kuwataja waliomvua huyo samaki: watu watano ndani ya jahazi la mbao, na mmoja wao mara nyingi alikuwa mtoto.

Jahazi la kukokota wavu la miaka ya 1880 lilikuwa na futi 70 hadi 80, milingoti miwili, na matanga mekundu yaliyopakwa maji ya magome ya miti, udongo mwekundu na mafuta ya wanyama ili yasioze. Ustadi wake ulitokana kwa sehemu kubwa na Brixham, mji mdogo wa Devon. Wavuvi wa huko walihamia Ramsgate, kisha Hull na Grimsby, wakiwafuata gayogayo, hasa baada ya kugunduliwa kwa bonde la Silver Pit, karibu na eneo la maji mafupi la Dogger Bank katika Bahari ya Kaskazini, ambako samaki hao walijazana wakati wa baridi kali.

Mdomo wa wavu ulishikiliwa wazi na boriti ya mti, nyingine zikifika futi 50, iliyokaa juu ya fremu mbili za chuma zilizoburuzwa chini ya bahari. Jahazi lilifuata mkondo wa maji kwa saa tano au sita, likiuzidi mwendo kidogo tu. Upepo mwanana haukuwafaa kitu. Mzigo ule ulitaka upepo wa nguvu, ule ambao mwenye chombo kidogo angeukimbilia bandarini.

Wavu ulivutwa usiku na mchana. Katika majahazi ya awali kamba ilizungushwa kwa mikono, na bahari ikichafuka kazi iliweza kuchukua saa nzima au zaidi. Baadaye winchi ya mvuke ilipunguza mateso ya watu wazima, lakini kijana mpishi aliongezewa kazi. Alitangulia kuamka ili achochee moto wa boila, kisha akashuka katika chumba cha kamba, gizani, kuipanga mizunguko ya kamba nene iliyokuwa ikiingia imelowa, imejaa tope na vipande vya konyeza vinavyowasha ngozi. Kamba hiyo ilifika pima mia moja na zaidi, na akiipanga vibaya ingenasa wakati wa kutupa wavu tena. Huko juu wenzake waliinua mfuko wa wavu juu ya sitaha, mmoja akajipenyeza chini yake na kufungua fundo, samaki wakamwagika. Ndipo walipoanza kuwapasua, kuwaosha na kuwapanga makashani. Mikono yao ilitoka majipu pale mikono ya makoti ya mafuta iliposugua ngozi iliyolowa maji chumvi. Kijana naye alirudi jikoni kupika.

Jambo lililoua wengi halikuwa uvuvi wenyewe, bali namna samaki walivyopelekwa sokoni. Samuel Hewett wa Barking, mwenye kundi la majahazi lililoitwa Short Blue, alikuwa ameonyesha kwamba majahazi yanaweza kubaki baharini wiki sita au nane mfululizo, huku vyombo vyepesi vikikimbiza samaki waliowekwa barafu hadi soko la Billingsgate, London. Barafu yenyewe ilivunwa majira ya baridi kwenye mashamba ya jirani yaliyofurikishwa maji. Kuanzia miaka ya 1860 meli za mvuke zilishika kazi ya kubeba, na makundi ya majahazi mengi yakawa chini ya mkuu mmoja aliyeamuru kwa bendera mchana na kwa mioto usiku.

Lakini kutoka jahazini hadi kwenye meli ya mvuke, makasha yalipelekwa kwa mashua ya makasia. Watu wawili au watatu waliiteremsha katikati ya mawimbi, wakaipakia makasha, wakapiga makasia hadi ubavuni mwa meli, kisha wakasimama mashuani na kuyainua moja moja huku meli ikipanda na kushuka. Kila mmoja alitaka kuwahi, kwa hiyo mashua zilisongamana na kugongana. Bahari ikichafuka, soko halikungoja. Wenye kampuni walijua watu wanazama, na mpango uliendelea kwa sababu ulikuwa na faida. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Wengi wa vijana walitoka katika nyumba za maskini na za yatima, wakafungwa kwa mkataba wa uanagenzi hadi utu uzima. Huko Grimsby mamia yao walitiwa jela kwa kosa la kutoroka. Mwaka 1882 nahodha wa jahazi Rising Sun la Hull, Osmond Brand, alinyongwa kwa kumtesa na kumuua mwanagenzi wake, William Papper, mwenye umri wa miaka 14. Kesi hiyo ilizusha hasira nchini, na mwaka 1883 ikatungwa sheria ya kusimamia mikataba ya uvuvi. Machi mwaka huohuo dhoruba moja iliua wavuvi zaidi ya 200 katika Bahari ya Kaskazini.

Mvuke uliyaondoa matanga upesi. Mwaka 1881 Grimsby ilipata Zodiac, meli ya mvuke iliyoundwa mahsusi kwa uvuvi wa kukokota, na karne ilipokwisha majahazi yalikuwa karibu yametoweka Hull na Grimsby, ingawa Brixham na Lowestoft ziliendelea nayo kwa miongo kadhaa. Mashua za makasia hazikuondoka nayo. Meli za mvuke za Hull ziliendelea kuvua kwa makundi na kupeleka makasha kwa mashua baharini hadi miaka ya 1930.